Kipimo Ndicho Hicho

Katwe wakimtaja siku hizi wanasema "yule mzee aliyemuua Salongo kwa hesabu," halafu wanaendelea kutafuna muhogo wao kana kwamba wametaja mvua ya jana. Miaka mingi nilikuwa nawasikia nikanyamaza. Kunyamaza huko kuliniweka mjini, kulinijengea jina na kuniletea wateja, na kila nilipokumbuka nilijichukia. Basi nitasema, na anayetaka kunikatiza angoje kwanza nimalize.

Alikozaliwa sikujui, na babu zake walifika Kampala na msafara upi sikuuliza. Ukoo wake upo, waulizeni wenyewe. Mimi nilimkuta Katwe tayari ana mvi, miaka ya mwanzo baada ya vita, nilipovuka mpaka kutoka Kenya na cheti changu cha ufundi na mashine moja kuukuu ya kukereza vyuma. Tulimwita Haji. Makka hakuwahi kufika. Mtu akimchokoza kwa hilo alisema, "Nia yangu imekwenda na kurudi mara nyingi, nauli ndiyo iliyogoma," akacheka mwenyewe kabla yetu.

Alikuwa fundi wa kalibu. Kwa asiyejua: huwezi kumimina chuma kilichoyeyuka hivi hivi tu kikawa kitu. Lazima kwanza mtu achonge kitu hicho kwa mbao, kile cha mbao kikandamizwe kwenye mchanga, mchanga ushike umbo lake, ndipo chuma kimiminwe. Huyo mchonga mbao ndiye Haji. Alikaa kwenye kijibanda cha kona, juu ya kreti ya soda, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi, na karakana zote za upande ule zilipitia kwake. Aliyetaka kutengeneza mdomo wa jiko alikwenda kwa Haji. Aliyetaka gurudumu la toroli alikwenda kwa Haji. Mimi mwenye mashine ya kukereza nilikwenda kwake kuchukua vipimo, na jirani yangu Salongo, mwenye tanuri la kuyeyushia, alikwenda kwake kuchukua kalibu. Kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyejua kila mmoja wetu anapika nini.

Na hakusema. Hilo watu wanalisahau. Haji alikuwa mbea wa kupindukia: nani kaachwa, nani kahamishwa na mwenye nyumba, mke wa nani kaonekana Mengo akinunua viatu viwili viwili. Angekueleza yote huku akipiga randa. Ukimuuliza tu, "Haji, ile mbao ya pembeni ni ya nani?" alijifanya anatafuta msumari. Nilimjaribu mara nyingi, nikamletea hata halua. Alikula halua, akanishukuru, akaniuliza habari za mama yangu.

Alikuwa na lugha mbili na alizigawia kazi. Umbea na utani ulikuwa kwa Kiganda. Kipimo kilikuwa kwa Kiswahili. Wakati ule Kiswahili Katwe bado kilikuwa lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani. Mtu akikisikia nyuma yake mabega yanapanda. Haji alilijua hilo na alilitumia. Akiwa katikati ya kicheko cha Kiganda, ghafla akageukia Kiswahili, watu walisimama wima. "Andika," alisema, na ungeandika.

Sikio lake lilinitisha. Siku hizo chuma chakavu kilikuwa cha vita: vipande vya malori, minyororo, mabomba ambayo hakuna aliyetaka kujua yalikuwa ya nini. Salongo alikuwa anayeyusha chochote. Haji alikuwa akija asubuhi, anachuchumaa mbele ya lundo, anagonga kila kipande kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. "Hiki kina ufa," alisema, anakitupa pembeni. Ukikishika kizima kabisa, huoni kitu. Salongo akikipiga nyundo kwa hasira, kinapasuka. Salongo alikasirika kila mara. "Haji, wewe naongea na chuma ama na mashetani?" Mzee alijibu kwamba tofauti yake ni ndogo.

Sasa nifike kwenye kidole.

Haji alikuwa na desturi, na kila mwenye karakana aliyemwamini aliifundishwa na yeye mwenyewe, faraghani, baada ya mwaka au miwili ya kupimwa tabia. Kila kipimo alichoandika, na kila kalibu aliyochonga, alikizidishia kidole kimoja. Upana wa kidole chake cha shahada, karibu inchi moja. Karatasi ikiibwa, mwizi anapata takataka. Kalibu ikilala nje ikaonwa na mtu, anaona uongo. Wewe mwenyewe unarudi kwako, unafunga mlango, unaondoa kidole. Kama ni mbao, unairanda. Kama ni namba, unaitoa kichwani. Na kwa kuwa mara nyingi tulikuwa tumesimama kijibandani kwake watu wengi, kila mmoja ana kazi yake, aliweka na neno la kufunika. Ukimuuliza mbele za watu, "Haji, kipimo hiki ni sawa?" alikuambia kwa sauti ya juu, kwa Kiswahili chake cha kusimamisha watu: "Ndicho hicho hicho. Usiguse." Maana yake, binti yangu, nenda ukaguse.

Nilimwambia siku moja, "Haji, wewe unaswali kwa wakati, msumari wa mtu hukai nao usiku mmoja, halafu kutwa nzima unaandika uongo. Vipi hapo?"

"Kufuli ni uongo?" akaniuliza.

"Kufuli ni kufuli."

"Basi na hiki ni kufuli. Niache nifanye kazi."

Kuna bwana mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu wajukuu zake ni wateja wangu, alituma mtu akaiba mchoro wa mdomo wa jiko kutoka kwenye kreti ya Haji. Akamimina midomo arobaini kwa siku tatu. Hakuna sufuria Kampala nzima iliyokaa juu ya jiko lile. Zote zilitumbukia ndani. Haji alikwenda kumpa pole. Alizunguka lile lundo mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole ssebo," akasema. "Sufuria za siku hizi zimekuwa ndogo sana." Tulicheka mwezi mzima. Mimi nilicheka hadi mbavu zikauma, na sikufikiri hata kidogo kwamba jambo lile lilikuwa na upande wa pili.

Upande wa pili ulikuwa huu. Haji alituamini, sisi tulimwamini Haji, na sisi kwa sisi tulikuwa hatuaminiani hata kwa kijiko. Nilitundika magunia kuzunguka mashine yangu ili Salongo asione ninachokereza. Salongo alijenga ukuta wa mabati. Kila mmoja alikuwa na siri, na siri zenyewe, Mungu anisamehe, zilifanana. Karakana ishirini zinatengeneza jiko lile lile, kitanda kile kile, toroli ile ile, kila mmoja amejifungia ndani akidhani amegundua. Chochote kilichohitaji mikono miwili hakikuzaliwa. Mimi sikuweza kuyeyusha, Salongo hakuweza kukereza, na wala hatukuonyeshana.

Haji aliliona hilo kabla yetu, na uzeeni likawa linamsumbua. Alianza kukaa kimya kwenye kreti, randa mapajani. Siku moja aliniambia bila kuulizwa, "Nimewafungia wote milango, binti yangu. Sasa naona hakuna anayetoka." Nilidhani ni uzee. Nilimmiminia chai.

Alichokitaka kilikuwa kinu. Vinu vilivyokuwapo vilikuwa vya kutoka nje, vikubwa, na vikiharibika vipuri havipatikani, kwa hiyo watu wa vitongojini walikuwa wanabeba mahindi kichwani mbali sana. Haji alikuwa amewaza kinu chepesi, cha injini ndogo, ambacho Katwe ingekitengeneza chote. Ndani yake sahani ya chuma inazunguka kwa kasi, imefungwa nyundo ndogo pembeni, nyundo zinavunja mahindi. Sahani aimimine Salongo. Mimi nikereze mhimili wa kuizungusha, na puli, lile gurudumu linaloshika mkanda unaotoka kwenye injini. Puli ikiwa kubwa, kinu kinakwenda taratibu. Puli ikipungua, kasi inapanda. Mtoto wa shule anaelewa hilo, na mimi nilikuwa na cheti.

Alitushughulikia karibu mwaka. Alikuwa akimwambia Salongo kwamba nimemsifu, ananiambia mimi kwamba Salongo amenisifu, na sote wawili hatukuwa tumesema neno. Mwishowe, mwezi wa Ramadhani, alitualika futari nyumbani kwake. Salongo Mkatoliki, mimi wa kanisa la Kikenya lenye ngoma, tumekaa mkekani kama watoto wa madrasa. Mzee akaleta sinia moja. Kijiko hakuna. Tukala kwa mikono kwenye sinia hilo hilo la wali, mkono wangu unagongana na mkono wa Salongo, ule mkono wake uliojaa makovu ya moto. Ilikuwa mara ya kwanza namtazama mtu yule usoni bila kumtilia shaka, na nakiri nilimpenda kidogo, kwa jinsi alivyokuwa akinisukumia vipande vya nyama.

Baada ya kula, Haji alinawa, akaleta mchoro wa kinu na kalibu ya sahani. Akaviweka katikati yetu. Akazungumza Kiswahili.

"Kuanzia leo, kati yenu wawili, hakuna kidole. Puli ni inchi saba. Kitovu cha sahani unene wake ni kama nilivyouchonga. Hakuna kupunguza."

Salongo akakuna kidevu. "Haji, hiyo nasema kweri?"

"Ndicho hicho hicho," mzee akasema. "Usiguse."

Nataka mnielewe hapa. Hakuwa na neno jingine. Alikuwa amelitumia neno lile miaka na miaka kwa maana ya kinyume, na siku alipotaka kusema kweli, hilo ndilo lililokuwa mdomoni mwake. Nilimtazama. Naye akanitazama, kwa upendo mwingi, kama alivyonitazama siku zote. Nikajisemea: aa, nimekuelewa mzee. Maneno haya ni ya Salongo. Mimi ni binti yako, unataka nijue kipimo cha kweli na yule asijue, ili siku tukigombana kinu kibaki changu. Nilitoka pale moyo umejaa. Nilijiona kipenzi chake.

Nikaenda kwangu, nikashusha magunia, nikakereza puli ya inchi sita.

Siku ya kukijaribu tulikutana uani kwa Salongo, asubuhi, jua kali. Kinu kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani. Nalongo, mke wa Salongo, alikuwa ameleta mahindi kwenye beseni na amevaa gomesi ya sikukuu. Haji alikaa juu ya tairi. Puli yangu niliifunga mwenyewe na kuifunikia bati lake, kwa haraka, na Salongo hakuomba kuiona. Naye sahani yake aliileta ikiwa tayari imefungiwa ndani ya gamba la kinu, na mimi sikuomba kuiona. Tulidhani huo ndio uungwana.

Injini ikawaka. Mwanzoni sauti ilikuwa tamu, watu wakapiga vigelegele. Salongo akachota mahindi kwa debe akamimina, unga ukatoka, mweupe, laini, Nalongo akautia kiganjani akauonyesha kila mtu. Salongo akaongeza mafuta, akarudi kwenye mdomo wa kinu. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba.

Haji akainuka kutoka kwenye tairi. "Zimeni," akasema. Kwa Kiswahili.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na injini. Nilikuwa nimeisikia ile sauti na nilijua sababu yake: puli ni ndogo, kasi ni kubwa, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Nikadhani anaigiza mbele ya Salongo. Na nilifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu natoa sauti kama mtu aliyechomwa. Nilimkonyeza.

"Zima, binti yangu!"

Nilikuwa bado natabasamu sahani ilipopasuka. Sikusikia mlio, nilihisi tu hewa. Kipande kimoja kilitoboa paa. Kimoja kilimpata Salongo kifuani, naye akakaa chini polepole, mkono bado umeshika debe, akamwangalia mkewe kana kwamba anataka kumwuliza jambo. Hakuliuliza.

Nalongo alipokuwa akipiga mayowe, na watu wanakimbia huku na huku, Haji alikuwa amepiga magoti kwenye unga. Alikuwa anaokota vipande. Alitoa kalipa yake, ile koleo ya kupimia unene, akapima kipande cha kitovu. Kisha akaja hadi kwenye puli yangu, akalisogeza bati, akapima. Akainua kichwa akanitazama. Nilingoja aseme. Nilikuwa naomba, si kwa ajili ya Salongo, naomba kwa ajili yangu.

Askari walipofika na mwenyekiti wa mtaa, wakauliza kosa ni la nani. Haji akasema, "Kipimo ni changu. Nilikosea mimi."

Walikaa naye siku kadhaa wakamwachia, mzee mzima na ajali ni ajali. Lakini Katwe ilimalizana naye. Hakuna aliyempelekea mbao tena. Watu walipita mbele ya kijibanda chake kama wanavyopita mbele ya nyumba yenye ugonjwa. Nami nilipita. Nilivuka barabara, nikajifanya naangalia upande wa pili. Baada ya muda akafunga, akahamia Kyebando kwa binti yake. Karakana yangu ilikua. Watu waliniita hodari aliyeponea chupuchupu mikononi mwa mzee mzembe, na sikuwasahihisha.

Mchoro wa kinu ulikuwa umebaki kwenye ukuta wa Salongo. Siku ya matanga ulikuwapo, baada ya matanga haupo. Sikushangaa. Kinu kilikuwa kizuri, kila mtu uani pale alikuwa ameona unga ule. Kilichokuwa kimeharibika, walisema, ni kipimo tu, na kwa kuwa desturi ya kidole sasa ilikuwa imevuja na kujulikana na kila mtu, walijimalizia wenyewe maelezo: Haji kazeeka, kasahau kuwaambia wale wawili waondoe kidole. Vitu vilikuwa vikubwa mno, vizito mno. Suluhisho ni nini? Kuondoa kidole. Yeye mwenyewe si amekiri kwamba kipimo kilikuwa na kosa?

Haya yote niliyajua kwa kusikia sikia na niliyasukuma mbali. Hadi siku niliyokwenda Kyebando kupeleka bawaba za geti kwa mteja, nikiwa bado barabarani, nikasikia kinu kinazunguka pale kwenye maduka. Sauti nyembamba. Nikasogea hadi mlangoni. Kilikuwa kimepakwa buluu, lakini kilikuwa chetu, kila kona. Puli haikuwa na bati. Sikuhitaji kuipima, nimekereza vyuma maisha yangu yote. Ilikuwa inchi sita.

Hatua hamsini kutoka pale, kwenye baraza ya nyumba ya matofali, alikuwa amekaa Haji. Macho yalikuwa yamefifia, miguu imevimba, na alikuwa ameelekeza sikio upande wa kinu.

"Shikamoo, Haji."

Alinigeuzia uso. "Marahaba, binti yangu. Karibu. Mwambie mjukuu wangu akupe mkeka."

Nilikaa chini kwenye saruji.

"Haji, ile puli ilikuwa inchi sita."

"Sita kasoro kidogo," akasema. "Lakini ulikereza vizuri. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja."

Nililia. Alisubiri nimalize, kama alivyosubiri siku zote mtu amalize mambo yake. Kisha akaniambia nisilolijua. Salongo alikuwa ameiranda kalibu. Alirudi kwake usiku wa futari, naye pia akijiona kipenzi cha Haji, akaondoa kidole kwenye kitovu. Sahani nyembamba kwa kasi ya kawaida ingestahimili. Kasi kubwa kwa sahani nene ingestahimili. Hakuna hata mmoja wetu ambaye peke yake angemuua mtu. Nilipolisikia hilo nilipata nafuu kifuani, kisha nikaona aibu kwa ile nafuu.

"Kwa nini hukuwaambia, Haji? Kwa nini ulijitwisha?"

"Nilikuwa namwona Nalongo pale, mumewe yuko chini. Nikamwambie amejiua mwenyewe? Na wewe ulikuwa na sura ya mtu anayeanguka. Nikasema, mimi mzee, wacha iwe yangu." Akapangusa macho kwa ncha ya kanzu. "Nilidhani nimefunga jambo. Kumbe nimewapa wote ruhusa ya kupunguza."

Kinu kilikuwa kinaendelea. Kila kilipopandisha sauti, vidole vyake vilikaza kwenye fimbo.

"Kuna kimoja kimepasuka huko upande wa Masaka, nasikia," akasema. "Kimekata mkono wa mtu. Hiki hapa bado. Kila asubuhi nakwenda kumwambia yule bwana, mchoro ulikuwa sahihi, rudisha inchi yako. Ananisikiliza kwa adabu. Ananipa unga kidogo, ananigeuza, ananirudisha nyumbani. Anasema mzee anatetea jina lake. Nilisema kweli siku moja tu Katwe, na mtu akafa. Nani ataniamini sasa? Nenda wewe."

"Nikisema, karakana yangu imekwisha, Haji."

Hakunihukumu, na ningependa angenihukumu. Aligeuza tu sikio lake kule kwenye sauti.

Nikaenda. Mwenye kinu alikuwa kijana mnene, mcheshi, unga hadi kwenye kope. Nilimwambia jina langu na karakana yangu, nikamwambia nilichofanya, yote, mbele ya wateja wake. Nikamwambia kitovu chake ni chembamba na puli yake ni ndogo, na kwamba nitamkerezea puli ya inchi saba, bure, kesho hiyo hiyo.

Akacheka hadi akashika mlango. "Bure? Nyabo, nyinyi watu ya Katwe mimi nawajua. Mtu ya Katwe kupa wewe kitu ya bure?" Akawageukia wateja, akawatafsiria kwa Kiganda, nao wakacheka. "Wewe nataka kinu yangu itembee pore pore, harafu watu nakuja kwa yako. Hii speedi ndiyo naleta watu. Nenda, mama. Salimia Haji."

"Huyo mzee alisema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Kare, kare," akasema, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mlevi. "Wote mnasema kweri."

Nilibaki mlangoni. Mbele ya foleni alikuwa mama mmoja mwenye beseni la mahindi kichwani na mtoto mgongoni. Nikamshika mkono, nikamrudia yote tena, taratibu. Nikamwambia mtu alisimama mbele ya kinu kama hiki, hapo hapo anapotaka kusimama yeye, na nikamwonyesha kifuani kipande kilimpata wapi. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliniamini, niliona machoni kwamba ananiamini.

"Bambi," akasema kwa huruma. "Sasa nyabo, mimi nisage wapi?"

Akanizunguka, akaingia. Nikamfuata ndani, nikasimama kati yake na lile gamba la buluu, mgongo wangu ukiligusa, na mwenye kinu, bado anacheka, akaongeza mafuta. Siku ile hakikupasuka. Kesho yake asubuhi nikarudi, nikasimama pale pale.